Jina Limefutwa, Mpangaji Bado Yumo

Kwenye Windows, hali ya diski huonyeshwa kwa mstari mmoja uliolala. Nafasi ikitosha, mstari ni wa buluu. Ikibaki chini ya sehemu moja ya kumi, unageuka mwekundu. Wengi wetu hatukumbuki kwamba kompyuta ina diski mpaka siku ya wekundu huo. Tunafuta filamu tulizokwisha kuzitazama, tunamwaga pipa la taka, tunarudi kuangalia. Mstari haujasogea. Au umesogea kidogo, na kesho yake umerudi palepale, na hakuna aliyeweka kitu.

Kujaa peke yake si fumbo. Mwenye video za harusi tatu na tamthilia nzima za Kituruki anajua fika kilichomjazia diski. Fumbo ni pale hesabu inapokataa kufunga. Unajumlisha folda zote unazoziona, unapata tuseme gigabaiti 180. Diski yenyewe inasema imetumia 440. Zile 260 ziko wapi? Hazina jina, hazina folda, hazina tarehe. Lakini zipo, maana ukitaka kuhifadhi barua ya kurasa mbili unaambiwa hapana nafasi.

Mafundi wetu wa mitaani wana jibu moja kwa maswali yote ya aina hii: kupiga Windows upya. Siwalaumu. Mteja amesimama mlangoni, umeme unaweza kukatika wakati wowote, na dawa hiyo kweli inaponya. Ila inaponya kwa kuchoma ushahidi pamoja na ugonjwa, na baada ya miezi michache mteja anarudi na mstari uleule mwekundu, fundi anapata hela nyingine, na hakuna kati yao aliyejua kilichotokea.

Tuuondoe kwanza njiani upotevu usio upotevu. Diski inayouzwa kwa jina la gigabaiti 500 huonekana kwenye Windows kama 465. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ndogo ikizidishwa mara tatu mfululizo inameza karibu asilimia saba. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme ilitoa majina mapya, kibi, mebi na gibi, ili hesabu mbili zisigombane. Windows hadi leo inahesabu kwa 1,024 na kuandika GB. Hakuna aliyeibiwa, muuzaji asipewe lawama.

Halafu kuna wakazi halali wasiopenda kuonekana. Kompyuta inapozimika kwa usingizi mzito huandika kumbukumbu yake ya muda kwenye faili linaloitwa hiberfil.sys, na mwenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 ajue faili hilo linaweza kula gigabaiti kadhaa. Lipo jingine, pagefile.sys, ambalo mashine hulitumia kumbukumbu ikielemewa. Ipo folda ya Windows.old, mabaki ya mfumo wa zamani baada ya kupandishwa toleo. Na ipo System Volume Information, ambamo mfumo huweka picha za hali ya jana na juzi ili siku mambo yakiharibika urudi nyuma. Folda hii imefungwa hata kwa msimamizi wa kompyuta, kwa hiyo anayejumlisha kwa mkono anairuka bila kujua kwamba ameiruka. Zaidi ya hayo, iko folda moja inayodanganya kwa upande wa pili. WinSxS huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu faili moja lililomo linaweza kuwa na majina mawili au matatu sehemu tofauti, na kikokotoo kikalihesabu kwa kila jina.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo si ukubwa. Tatizo ni kwamba tunahesabu majina tukidhani tunahesabu vitu.

Fumbo la diski iliyojaa limewahi pia kuzaa kitu kizuri. Mwaka 1990, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Maryland iliyochunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, Ben Shneiderman alikuwa na wenzake waliogawana diski moja ya megabaiti 80. Watumiaji walikuwa 14, na diski ilikuwa imejaa. Nani amekula nafasi? Orodha za majina na tarakimu hazikusaidia, kwa kuwa jicho la binadamu haliwezi kulinganisha maelfu ya tarakimu. Shneiderman akawaza kuugawa mraba mmoja wa kioo cha kompyuta vipande vipande, kila faili lipate kipande chenye eneo sawa na uzito wake, folda ndani ya folda. Mchoro huo ukapewa jina la treemap. Miaka michache baadaye ulikuwa unatumika kuonyesha soko la hisa la Marekani kwa rangi za kijani na nyekundu, na leo wachumi huutumia kuonyesha nchi inauza nini nje. Wachache wanakumbuka kwamba ulitokana na maabara iliyoishiwa nafasi na watu waliokuwa wakitazamana kwa mashaka.

Programu ya WinDirStat, inayotumika duniani kote, ni mjukuu wa mchoro huo. Ukiifungua kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta iliyojaa, unaona viraka vya rangi kama kanga iliyoshonwa kwa mabaki, na kiraka kimoja kikubwa kinachokutazama. Mara nyingi hapo kesi inakwisha: ni nakala ya akiba ya simu uliyoiuza zamani, au programu ya kuhariri video iliyoacha takataka za kila mradi. Nafasi inarudi, mstari unakuwa buluu.

Kesi ngumu ni zile ambazo hata mchoro hauoni kitu.

Kwenye seva za Linux, zinazobeba tovuti, benki za simu na mifumo ya ofisi, kuna amri mbili za kupima nafasi. Ya kwanza, df, inauliza diski yenyewe: vipande vingapi vimekaliwa? Ya pili, du, inapita folda kwa folda ikisoma kila jina na kujumlisha. Siku njema majibu yao yanakaribiana. Siku mbaya df inasema diski imejaa asilimia mia na du inasema haijafika nusu, na anayetunza seva anakaa usiku wa manane akiangalia wapimaji wawili ambao wote wanasema kweli.

Kisa chake kiko kwenye namna Unix, ambayo Linux hufuata mfano wake, ilivyoundwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika mfumo wao programu haina uwezo wa kufuta faili moja kwa moja. Ina uwezo wa kuondoa jina tu. Faili lenyewe ni rekodi yenye namba, na majina ni vielekezi vinavyoelekea kwenye namba ile. Ukisema futa, jina linaondoka. Kisha mfumo unauliza maswali mawili: je, kuna jina jingine lililobaki? Je, kuna programu yoyote iliyolifungua faili hili na bado haijalifunga? Majibu yote mawili yakiwa hapana, ndipo vipande vya diski vinaachiwa. Jibu moja likiwa ndiyo, faili linaishi, bila jina, bila folda, haliwezi kuitwa na mtu yeyote isipokuwa yule anayelishikilia.

Ni nyumba ambayo jina lake limefutwa kwenye daftari la mtaa huku mpangaji yumo ndani na ufunguo mfukoni. Karani anayesoma daftari atakuapia kwamba kiwanja ni kitupu. Anayepita usiku anaona taa inawaka. Na mara nyingi mpangaji huyu anaendelea kujenga: faili lililofutwa huwa ni lile ambamo programu huandika kila tukio, kila aliyeingia, kila kosa, mstari baada ya mstari. Msimamizi aliliona limefika gigabaiti 60, akalifuta kwa hasira, akalala. Programu haikuambiwa kitu. Imeendelea kuandika gizani, na asubuhi ni gigabaiti 65 zisizo na jina.

Dawa yake ni rahisi mno ukishajua. Unaiuliza mashine ni programu zipi zimefungua mafaili yasiyo na jina. Amri ya lsof huzitaja, na pembeni mwa kila faili la namna hiyo inaandika kwamba limefutwa. Unaizima programu husika na kuiwasha tena. Inafumba mkono na kufumbua, gigabaiti zote zinarudi kwa mpigo, bila wewe kufuta hata herufi. Wapo wanaowasha upya seva nzima na kupata matokeo yaleyale, kisha wakaondoka na imani kwamba mashine ilikuwa imechoka.

Mtu anaweza kusema huu ni ubovu wa usanifu. Mimi naona ni adabu ya namna fulani. Programu iliyokuwa katikati ya kusoma haikatwi kauli. Mfumo unaweza kusasishwa huku unafanya kazi, toleo la zamani likibaki hai kwa wanaolitumia na jipya likiwapokea wanaoingia. Wako hata waandishi wa programu wanaotengeneza faili la muda na kulifuta jina papo hapo, kwa makusudi, ili siku programu itakapokufa, faili lizikwe nayo bila kuacha uchafu. Windows ina tabia tofauti: ukijaribu kufuta faili lililofunguliwa, kwa kawaida inakukatalia usoni, faili linatumika na programu nyingine. Tunaichukia kwa hilo. Lakini ukali wake ni wa kweli, na upole wa Unix ndio unaoficha. Kama ningelazimika kuchagua kwa ajili ya ofisi isiyo na fundi wa kudumu, ningechagua ukali.

Kuna kisa kingine cha jamii hiyo ambacho hakipatikani hata kwa lsof. Ofisi inahifadhi nakala za akiba kila usiku kwenye diski ya nje, iliyounganishwa kwenye folda fulani. Usiku mmoja waya umelegea. Programu ya nakala haijui. Inaiona folda, inaandika humo, na kumbe inaandika kwenye diski ya ndani. Kesho waya unakazwa, diski ya nje inakaa juu ya folda ileile na kufunika vyote vilivyoandikwa. Hakuna kilichofutwa, majina yote yapo, lakini yamefunikwa, na kwa kawaida hakuna macho yanayofika mpaka diski ya nje ichomolewe. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya hili kama wanabishania mazingaombwe.

Ukitaka kuona mambo haya yakifikishwa mwisho wake, tazama Mars. Gari la NASA liitwalo Spirit lilitua katika kreta ya Gusev mwanzoni mwa Januari 2004. Tarehe 21 ya mwezi huohuo likaacha kusema jambo la maana. Kilichopokelewa kwenye maabara ya JPL huko Pasadena, California, kilikuwa milio mifupi na vipande vya taarifa visivyoeleweka. Baadaye ikajulikana kwamba kompyuta yake ilikuwa inajiwasha, inashindwa, inajiwasha tena, zaidi ya mara 60, na kwa sababu hiyo haikuwa inalala usiku, betri zikizidi kupungua.

Spirit lilikuwa na megabaiti 256 za kuhifadhia data na megabaiti 128 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hifadhi haikuwa imejaa picha. Kilichojaa ni majina. Katika miezi saba ya safari na siku za kwanza ardhini, mashine ilikuwa imekusanya maelfu ya mafaili, mengi yakiwa madogo, na kila ilipojiwasha ililazimika kuisoma orodha yote ya majina hayo na kuiweka kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mfumo wake wa mafaili ulikuwa wa ukoo wa DOS. Katika ukoo huo faili likifutwa, jina lake halitoki kwenye orodha. Linawekwa alama tu, na orodha haisinyai. Orodha ikakua mpaka ikazidi chumba ilichopewa. Jambo linalouma zaidi ni kwamba wahandisi walikwisha kuliona hitaji la kufagia: siku chache kabla walituma programu ya kuondoa folda za safarini, katika sehemu mbili. Sehemu moja ilifika. Ya pili haikufika, ikapangiwa kutumwa tena, na gari likaanguka kabla ya zamu yake.

Walichofanya ni kuliamuru Spirit lijiwashe bila kuigusa hifadhi kabisa, kana kwamba haina. Likatulia, likalala usiku. Kisha wakafuta mafaili, na mwezi uliofuata wakaisafisha hifadhi yote na kuianza upya. Kumbe hiyo ndiyo dawa ya fundi wa mtaani, kupiga upya, ila wao walijua kwa nini, na kwa sababu walijua, pacha wake Opportunity, aliyetua wakati wa msiba huo, hakupatwa. Spirit lilipangiwa siku 90 za Mars. Lilizungumza na dunia mpaka Machi 2010.

Kinachonikaa rohoni katika kisa hiki ni ile chembe ya katikati: kusafisha kwenyewe ni kazi, na kazi inahitaji mahali pa kufanyikia. Toyota walikutana na jambo hilohilo hapa duniani. Mwishoni mwa Agosti 2023 viwanda vyao vyote 14 vya kuunganisha magari Japani vilisimama, kwa sababu seva zinazopokea maagizo ya vipuri hazikufanya kazi. Wengi walishuku wadukuzi. Kampuni ikaeleza baadaye kwamba siku moja kabla ya hitilafu ilikuwa ikifanya matengenezo ya hifadhidata, kufuta data zilizolundikana na kuzipanga upya, na katika kazi hiyo ya kupunguza mzigo nafasi ya diski ikaisha. Seva za akiba zilitegemea mfumo uleule, nazo zikashindwa palepale. Walipohamishia data kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi, magari yakaanza tena kutoka. Hata mifumo mipya ya mafaili, kama Btrfs, imewahi kuwashangaza wenyewe kwa namna hii: kwa kuwa haiandiki juu ya kilichopo, kufuta ni kuandika ukurasa mpya unaosema kwamba kitu hakipo, na diski iliyojaa pomoni inaweza kukujibu kwamba haina nafasi ya kufuta.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, diski inayojaa ni simu. Hapo fumbo ni jepesi, na mkosaji anajulikana kwa jina: kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Kila alfajiri linaingia waridi lenye umande na maneno ya asubuhi njema, kutoka kwa shangazi mmoja, kisha kutoka kwa mwingine aliyelipokea kwa wa kwanza. Kwenye simu za Android, WhatsApp huweka picha zinazoingia kwenye folda moja na unazotuma kwenye nyingine. Unaweza kufuta mazungumzo yote ya kundi na waridi zikabaki kwenye simu, usipoweka alama kwenye kisanduku kinachouliza kama na picha zifutwe. Tena jina limeondoka na kitu kimebaki.

Nikipewa simu ya mtu mzima wa familia niipunguzie mzigo, najua mchoro wa viraka utaniambia nini. Orodha ya michango ya msiba, ile inayonakiliwa upya na kila anayeongeza jina lake na elfu ishirini zake, haionekani kabisa; ni maandishi matupu, hayana uzito. Video ya mchekeshaji iliyotumwa na watu watano imekaa kama mfalme. Na mahali fulani, kidogo kuliko nukta, kuna ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na tano wa mtu aliyekwisha kufariki, akiuliza kama umeme umerudi. Ni mwepesi kuliko waridi moja. Programu za kusafisha simu, zile zinazojitangaza kwa picha za roketi na asilimia zinazoshuka, zinapanga kwa uzito na tarehe, na kwa tarehe ujumbe huo ni takataka ya zamani. Kwa hiyo simu ya mtu siisafishi akiwa hayupo. Namwambia, mama, kaa hapa, tuzitazame pamoja. Inachukua mchana mzima, na nusu ya muda huo ni hadithi.

Kuna uamuzi mmoja wa zamani katika mifumo ya mafaili ya Linux, ule ukoo wa ext2 hadi ext4, ambao wanaoanza kazi hii huuona kama ubadhirifu. Mfumo unapotengenezwa, asilimia tano ya diski hutengwa, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa. Diski ikijaa kwake, bado haijajaa kwa msimamizi: anaweza kuingia, kuandika rekodi zake, kuendesha amri zake, kutafuta nani ameshika nini. Zamani, diski zilipokuwa za megabaiti, asilimia tano ilikuwa kitu kidogo. Kwenye diski ya terabaiti nne ni gigabaiti 200, na wengi huishusha hadi moja au sifuri siku ya kwanza kwa amri ya tune2fs, wakifurahia kupata nafasi ya bure. Kwenye diski ya kuhifadhia picha tu naikubali hesabu yao, naishusha. Kwenye diski inayobeba mfumo wenyewe naiacha ilivyo, na nikiajiriwa mahali nikakuta imeshushwa, ninairudisha kabla sijafanya lolote jingine.